Vishada vya Kabonili vya Metali Mchanganyiko: Kufundisha kwa Hesabu ya Elektroni

Mkufunzi akiandika ubaoni HFeCo₃(CO)₁₂, darasa zima huinamisha vichwa na kunakili. Hapana aulizaye kwa nini CO ni kumi na mbili wala si kumi na moja, wala haidrojeni ile moja imetoka wapi na inafanya kazi gani. Wanachuo wetu wamekwisha kuzoea kwamba fomula ni kitu cha kukariri, na kwamba idadi ya atomi huamuliwa na kitabu. Mazoea hayo wataondoka nayo kwenda kuyapandikiza katika vidato watakavyovifundisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fomula kama hiyo, ambayo kwa sura ni ya kutisha, yaweza kupatikana na mwanachuo mwenyewe kwa hesabu ya kujumlisha, bila kufungua kitabu.

Hatudai kwamba jambo hili litiwe katika muhtasari wa shule za sekondari. Twalipendekeza kwa mwanachuo wa stashahada aliyekwisha kusoma metali za mpito, kwa vipindi vitatu au vinne, kwa sababu hapo ndipo kanuni aliyoisikia juu juu inapogeuka kuwa chombo cha kazi mkononi mwake.

Tuanze na majina. Kabonili ni molekuli ya kaboni monoksidi, yaani CO, iliyoshikamana na atomi ya metali. Kishada ni molekuli ambayo ndani yake atomi tatu au zaidi za metali zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na kabonili zikaizunguka kwa nje. Tumelichagua neno kishada badala ya fungu kwa makusudi. Fungu la nyanya sokoni halina ushikamano. Ukitikisa meza, nyanya hutawanyika. Kishada kina kikishikacho. Nacho kishada cha metali mchanganyiko ni kile chenye atomi za metali za aina mbili au zaidi katika molekuli moja. Hapa wanachuo wengi husema, "Kumbe ni aloi." La. Fundi ayeyushaye shaba na zinki hutia zinki kwa kadiri apendayo, na apatacho huitwa bado shaba ya njano. Katika HFeCo₃(CO)₁₂ kila molekuli ina chuma kimoja na kobalti tatu. Ukibadili hesabu hiyo umepata kampaundi nyingine, yenye rangi nyingine na tabia nyingine.

Mkufunzi pia ajihadhari na mwandiko wake. Co ni kobalti, CO ni kaboni monoksidi. Kwa mwandiko wa haraka herufi hizo hufanana, na mwanachuo aliyekaa nyuma hujikuta akihesabu kobalti kumi na mbili. Tumeona inafaa kuandika alama za metali kwa chaki ya rangi.

Kabla ya kwenda mbele, lisemwe neno moja zito. Somo hili halina majaribio ya maabara katika vyuo vyetu, na mtu asijaribu kuyabuni. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Habari za watu waliolala chumba kilichofungwa madirisha huku jiko la mkaa likiwaka, asubuhi wasiamke, si ngeni kwetu, nayo sababu ni gesi hii hii. Huingia mapafuni na kushika chuma kilichomo katika himoglobini ya damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni kiasi cha mara mia mbili, na damu ikashindwa kubeba oksijeni. Kabonili ya nikeli ni mbaya zaidi: ni kimiminiko kichemkacho kwenye digrii 43 za sentigredi tu, kwa hiyo hutoa mvuke hata chumbani, na mvuke wake ni sumu kali mno. Mwalimu aliyefahamu kwamba chuma cha damu na metali ya kishada hushikwa na CO kwa namna moja atakuwa amepata la kuwaambia wanafunzi wake kuhusu jiko la mkaa, na hilo peke yake latosha kuhalalisha vipindi vyetu vitatu.

Historia yenyewe yaanza na nikeli. Mwaka 1890 Ludwig Mond, pamoja na Carl Langer na Friedrich Quincke, walitangaza kwamba kaboni monoksidi ikipitishwa juu ya unga laini wa nikeli usio na joto kali, metali hiyo ngumu huondoka pamoja na gesi. Walikuwa wakiichoma gesi iliyotoka katika chombo chao ili isiwadhuru, wakaona mwali wake umebadilika na kung'aa. Walipoweka kauri baridi katika mwali ule, ilipakwa nikeli. Huo ndio msingi wa njia ya kusafishia nikeli: kwenye digrii 50 hivi metali huchukuliwa na gesi, na kwenye digrii 200 hivi huachwa tena, safi. Kiwanda cha Clydach, huko Wales, kilianza kazi hiyo mwaka 1902. Nikeli si jina la mbali kwetu, kwani mashapo yake yako Kabanga, wilayani Ngara; nayo kobalti tutakayoitaja sana huchimbwa kwa wingi Katanga. Mwanachuo afahamu kwamba tunazungumza juu ya mawe ya nchi zetu.

Sasa hesabu. Kwa zana twapendekeza kete za bao, kwa sababu hupatikana bila gharama na kila mtu anajua kuzihesabu. Kete moja ni elektroni moja. Atomi ya metali ya mpito ina obitali tisa za nje, moja ya s, tatu za p na tano za d, na kila obitali huchukua elektroni mbili. Zikijaa zote ni 18. Kila metali huja na kete zake: kromi 6, manganizi 7, chuma 8, kobalti 9, nikeli 10. Rutheni na osmi wamo katika safu ya chuma, hivyo nao huleta 8 kila mmoja. Rodi na iridi huleta 9 kama kobalti. Kabonili moja huleta 2, haidrojeni 1, na kila chaji hasi ya molekuli huongeza 1.

Kikundi kimoja kipewe kromi na kuulizwa: ziongezwe kabonili ngapi ili zipatikane kete 18? Watapata sita bila shida, yaani Cr(CO)₆. Cha pili kipewe chuma, kitapata Fe(CO)₅. Cha tatu nikeli, kitapata Ni(CO)₄. Zote tatu ni kampaundi zilizopo kweli, na darasa likiambiwa hivyo huchangamka. Kikundi cha nne kipewe manganizi. Kwa kabonili tano kina kete 17, kwa sita kina 19. Hapo mkufunzi asikimbilie kutoa jibu. Akae kimya. Tumeona mara nyingi kwamba baada ya dakika chache mtu husema, "Labda wawili washirikiane." Naam: Mn(CO)₅ mbili hutoa elektroni moja moja, zikafanya kiungo baina ya manganizi na manganizi, na kila moja huhesabu jozi ile kuwa yake. Hivyo hupatikana Mn₂(CO)₁₀. Kwa njia hiyo hiyo kobalti hutoa Co₂(CO)₈.

Kiungo baina ya metali na metali ndicho kiini cha kishada, basi mwanachuo asipite hapa kabla hajaridhika. Metali mbili zisizounganika zingetaka 36 jumla. Zikishirikiana jozi moja, zatosheka na 34. Kwa kila kiungo jumla hupungua kwa 2. Pembetatu ya metali ina vipeo vitatu na kingo tatu, hivyo yataka 54 toa 6, yaani 48. Piramidi ya nyuso nne za pembetatu, iitwayo tetrahedroni, ina vipeo vinne na kingo sita. Yataka 72 toa 12, yaani 60. Namba hizi mbili, 48 na 60, ziandikwe pembeni mwa ubao na zisifutwe hadi mwisho wa somo.

Wajaribu: Fe₃(CO)₁₂ ina 24 za chuma na 24 za kabonili, jumla 48, nayo ni pembetatu. Co₄(CO)₁₂ ina 36 na 24, jumla 60, nayo ni tetrahedroni. Vinyago vifinyangwe kwa udongo na vijiti. Madonge manne na vijiti sita yatosha. Hatupendi kuhimiza vinyago vya plastiki vya kununua hata pale vipatikanapo. Mwanachuo aliyefinyanga tetrahedroni kwa mikono yake hasahau kwamba ina kingo sita.

Tumefika mahali ambapo metali mchanganyiko hufundisha kile ambacho metali ya aina moja haiwezi. Mwanachuo aambiwe aondoe kobalti moja katika Co₄(CO)₁₂ na kuweka chuma. Ahesabu: 8, na 27, na 24, jumla 59. Pungufu moja. Afanyeje? Aweza kuongeza elektroni yenyewe, yaani chaji hasi, akapata ioni [FeCo₃(CO)₁₂]⁻. Au aweza kuongeza atomi moja ya haidrojeni, akapata HFeCo₃(CO)₁₂. Hiyo ndiyo fomula tuliyoanza nayo, na sasa haikutoka kitabuni, imetoka katika kete. Ioni na kampaundi hiyo zote mbili zimetengenezwa, na kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1960 na Paolo Chini na wenzake huko Italia.

Walivyoitengeneza ni rahisi kueleza, ingawa si rahisi kufanya. Fe(CO)₅ na Co₂(CO)₈ hupashwa moto pamoja katika asetoni. Sehemu ya kobalti hupoteza elektroni na kuwa ioni chanya iliyozungukwa na asetoni. Elektroni hizo huhamia upande mwingine, na huko chuma na kobalti hushikana katika ioni hasi tuliyoitaja. Kisha hutiwa asidi ya haidrokloriki, ioni hiyo ikapokea haidrojeni, zikapatikana fuwele za rangi ya zambarau nzito iliyokaribia weusi. Chini aliendelea kwa miaka mingi na mbinu ya namna hii, ya kukutanisha kabonili yenye chaji hasi na kabonili isiyo na chaji ili elektroni zigawanywe upya na metali zikusanyike. Kabla ya hapo njia kubwa ilikuwa kuchemsha kabonili mbili pamoja na kutazama kitakachotokea, kisha kupambanua mchanganyiko mrefu wa mazao.

Mwanachuo mwerevu atauliza swali ambalo hesabu haijibu: haidrojeni ile iko wapi? Mkufunzi afurahi likiulizwa, kwa sababu wanakemia wenyewe walibishana juu yake kwa miaka. Njia ya kawaida ya kuona mahali pa atomi katika fuwele ni kutumia eksirei. Lakini eksirei hutawanywa na elektroni. Haidrojeni ina moja tu, na imekaa kando ya kobalti yenye 27. Ni kama kutafuta cheche kando ya karabai. Kwa kuwa haikuonekana, wengine walidhani imejificha ndani ya tetrahedroni, katikati ya metali nne. Neutroni hazijali wingi wa elektroni, kwa maana zenyewe hutawanywa na viini vya atomi, na kiini cha haidrojeni huonekana nazo vizuri. Mwaka 1978 uchunguzi wa neutroni ulifanywa juu ya ndugu wa kampaundi hii, ambamo kabonili tatu zilikuwa zimebadilishwa na molekuli zenye fosforasi. Haidrojeni ilikutwa nje ya tetrahedroni, imekaa juu ya uso wa kobalti tatu, karibu angstromu moja kutoka katika uso huo. Angstromu moja ni sehemu ya milioni kumi ya milimita. Imezishika kobalti zote tatu kwa pamoja, na chuma kiko upande wa pili kabisa.

Ni vizuri kinyago cha udongo kikamilishwe hapa. Chuma kiwe kileleni na kabonili tatu. Kila kobalti iwe na kabonili mbili zake peke yake, kisha kabonili tatu nyingine zilale juu ya kingo za baina ya kobalti na kobalti, kila moja ikiwa daraja. Jumla ni 3, na 6, na 3. Haidrojeni ikae chini. Ukikiinua kinyago na kukizungusha, darasa huona kwamba ndani hamna nafasi ya kutosha.

Tuliongezee jambo hili la kuingiza metali moja mahali pa nyingine. Mwaka 1977 Gregory Geoffroy na Wayne Gladfelter, wa Marekani, walionyesha njia inayoweza kupangwa kabla. Huchukuliwa pembetatu iliyo tayari, kama Ru₃(CO)₁₂, na kukutanishwa na ioni yenye metali moja, kama [Fe(CO)₄]²⁻. Ioni hiyo hujipachika juu ya pembetatu, kabonili kadhaa huondoka, na baada ya kutia asidi hupatikana H₂FeRu₃(CO)₁₃. Jumla: 2, na 8, na 24, na 26, ni 60. Wakitumia [Co(CO)₄]⁻ badala ya ioni ya chuma, hupatikana HCoRu₃(CO)₁₃. Jumla: 1, na 9, na 24, na 26, tena 60. Fomula hizi mbili ziandikwe moja chini ya nyingine na darasa liulizwe kilichobadilika. Chuma kimeondoka na kobalti imeingia, na haidrojeni moja imepungua. Chuma pamoja na haidrojeni moja ni sawa na kobalti. Hilo ndilo fundisho kubwa la vishada vya metali mchanganyiko, na mwanachuo aliyelishika atakuwa ameelewa pia kwa nini metali zilizopangwa jirani katika jedwali la elementi hutofautiana kwa hatua moja moja.

Tahadhari: hesabu ikisawazika haimaanishi kwamba kampaundi ipo au yaweza kutengenezwa. Inaonyesha tu kwamba ikiwapo, umbo hili si ajabu kwake. Wanachuo wepesi huanza kubuni fomula kwa makumi na kuzitangaza kama ugunduzi. Waachwe wabuni, lakini waambiwe tofauti.

Je, elektroni moja ikizidi kuna ubaya gani? Hapa tuna mfano tuupendao kuliko yote. Pembetatu ya metali yaweza kufunikwa na atomi ya sulfuri, kama kofia; sulfuri iliyokaa hivyo huleta kete 4. Katika SFeCo₂(CO)₉ tuna 4, na 8, na 18, na 18, jumla 48, kama itakiwavyo. Katika SCo₃(CO)₉ tuna 4, na 27, na 18, jumla 49. Kampaundi hii ya pili ipo, lakini elektroni yake ya ziada haina mwenzi, kwa hiyo molekuli huvutwa na sumaku, na ile ya kwanza haivutwi. Lawrence Dahl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipima urefu wa viungo vya metali katika zote mbili. Katika ile yenye chuma ni karibu angstromu 2.55, katika ile ya kobalti tupu ni karibu 2.64. Elektroni ya arobaini na tisa imekwenda kukaa mahali pasipounganisha bali panaposukumana, na pembetatu nzima imetanuka. Mwanachuo anaona kwamba kete moja kupita kiasi si kosa la daftari tu. Imepimika kwa rula ya eksirei.

Kofia hiyo ya sulfuri hutupa jambo jingine la kupendeza. Heinrich Vahrenkamp na wenzake, huko Ujerumani, waliweza kubadili metali moja moja katika pembetatu iliyofunikwa, hadi wakapata kishada chenye chuma, kobalti na molibdeni pamoja, SFeCoMo(C₅H₅)(CO)₈. Molibdeni huleta 6, pete ile ya kaboni tano huleta 5. Msomaji ajumlishe mwenyewe. Sasa vipeo vinne vya piramidi vyote ni tofauti: sulfuri, chuma, kobalti, molibdeni. Umbo la namna hiyo na kivuli chake cha kioo havilingani, kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Mwaka 1980 walitangaza kwamba wametenganisha aina hizo mbili. Kwa wanachuo waliodhani kwamba ulia na ushoto wa molekuli ni habari ya kaboni na sukari peke yake, hili huwafungua macho, na madonge manne ya rangi nne yatosha kulionyesha.

Kuhusu tabia nyingine tutasema kwa ufupi. Kabonili zenye metali moja hazina rangi au zina rangi hafifu: Fe(CO)₅ ni kimiminiko cha manjano. Metali zikikusanyika rangi huwa nzito. Fe₃(CO)₁₂ ni kijani kilichokaribia weusi, Co₄(CO)₁₂ ni nyeusi. Metali za chini zaidi katika safu zina viungo imara zaidi na rangi nyepesi, kama Ru₃(CO)₁₂ ya rangi ya chungwa na Os₃(CO)₁₂ ya manjano. Vishada vingi huyeyuka katika vimiminiko vya kikaboni na si katika maji, na vingi hasa vile vya chuma na kobalti huharibika hewani, kwa hiyo hutengenezwa chini ya naitrojeni. Mwanga wa infraredi hutumika kutambua kabonili: CO iliyo huru hutetema kwenye 2143 kwa sentimita, iliyoshikwa na metali moja huwa karibu 2000 na kidogo, iliyo daraja baina ya metali mbili hushuka karibu 1850. Sababu ni kwamba metali huirudishia CO sehemu ya elektroni zake, na elektroni hizo huulegeza ushikamano wa kaboni na oksijeni.

Na faida yake? Swali hili halikwepeki. Kishada kikipashwa moto juu ya silika, kabonili huondoka, na hubaki punje ndogo sana ya metali zilizochanganyika kwa uwiano uliojulikana tangu mwanzo. Watafiti wa Cambridge, mwishoni mwa miaka ya 1990, walitumia vishada vya rutheni na shaba ndani ya silika yenye vitundu ili kupata vichocheo vya kuongezea haidrojeni katika kampaundi za kikaboni. Shaba na rutheni kwa kawaida hazipendani katika kuchanganyika, ila kishada huzilazimisha kufika pamoja.

Kanuni yetu ina mpaka, na mpaka huo ufundishwe waziwazi. Kishada cha metali sita chenye umbo la oktahedroni kina kingo kumi na mbili; kwa hesabu yetu kingetaka 108 toa 24, yaani 84. Lakini Rh₆(CO)₁₆ ina 54 na 32, jumla 86, na Ru₆C(CO)₁₇, ambayo ina atomi ya kaboni katikati inayoleta 4, ina 48, na 4, na 34, tena 86. Zote mbili ni oktahedroni na zote ni imara. Hapa jozi za elektroni haziwezi tena kugawiwa ukingo kwa ukingo. Ni mali ya kishada kizima. Kenneth Wade mwaka 1971, na Michael Mingos mwaka 1972, walitoa kanuni nyingine ambayo kwayo oktahedroni hutaka 86 barabara. Mkufunzi anayeficha mfano huu ili kanuni ya 18 isionekane na dosari anawanyima wanachuo kipindi kizuri kuliko vyote, maana ndipo wanapoona kanuni ikiachia ngazi kanuni pana zaidi.

Kwa mazoezi ya mwisho twapendekeza fomula tatu, zisifafanuliwe kabla. Ya kwanza ni [Fe₃Co(CO)₁₃]⁻, waulizwe kama ni tetrahedroni: 24, na 9, na 26, na 1 ya chaji, ni 60. Ya pili ni H₂FeRu₂Os(CO)₁₃, yenye metali tatu tofauti, ambayo huwatisha kwa urefu wake ingawa osmi ni ndugu wa rutheni na hesabu ni ile ile ya H₂FeRu₃(CO)₁₃. Ya tatu ni [Fe₄C(CO)₁₂]²⁻. Watapata 32, na 4, na 24, na 2, jumla 62, na watadhani wamekosea kujumlisha. Wasisahihishwe. Waulizwe ni kingo ngapi zitakazofanya 72 kupungua hadi 62. Ni tano, basi waondoe kijiti kimoja katika tetrahedroni yao, waifungue, na waone kwamba atomi nne sasa zimekaa kama kipepeo aliyetanua mabawa, na kaboni imepata mahali pa kukaa katikati ya mabawa hayo.